Firigisi ya Mheshimiwa

Kilichoanza kuisha ni sabuni. Asenath alinunua kipande kirefu cha sabuni ya kufulia siku ya Jumatatu, akakikata mara sita kwa uzi kama mama yake alivyomfundisha, na kufikia Alhamisi kimebaki kipande kimoja na nguo chafu ziko palepale. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuchafua nguo kiasi hicho, hata akiwa Kezia. Akamuuliza mumewe. Mulama hakujua kusema uwongo wala hakuwa na haja ya kujifunza. Akamwambia kwamba sabuni imeliwa na samaki.

"Samaki gani?"

"Bado hatujamwona sura," Mulama akasema.

Walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya mtaa wa Komarock, upande wa timbo la zamani lililochimbwa mawe mpaka chemchemi ikapasuka na wachimbaji wakakimbia wakaacha hata nyundo. Timbo lilijaa maji. Baada ya miaka michache likawa na samaki, na hakuna aliyejua waliingiaje. Wengine walisema walishuka na mvua. Asenath hakuwa na maoni juu ya jambo hilo mpaka lilipoingia jikoni mwake.

Chanzo kilikuwa mwezi wa tatu mwaka wa tisini na nne, Mulama alipopunguzwa kazi. Alikuwa amepanga biskuti katika makatoni kwa miaka kumi na mmoja, kiwandani Industrial Area. Siku ya mwisho walimpa barua na katoni mbili za biskuti, akarudi nyumbani nazo begani na kuziweka chini ya kitanda. Mwezi mzima alizunguka soko la Gikomba na milango ya viwanda akitafuta kibarua. Halafu jirani yao Kisilu akamwambia twende tukatazame maji.

Kisilu alikuwa Mkamba wa Kitui, mchongaji. Alichonga twiga na vifaru kwa ajili ya watalii, na mvua ikinyesha na watalii wakipungua, hakuwa na la kufanya. Kwao samaki hakuwa chakula, alikuwa aina ya nyoka aliyekosa adabu akaingia majini. Kisilu alivua kwa sababu ya ubishi tu, na ubishi, kama ujuavyo, una subira kuliko njaa.

Shida yao ilikuwa chambo. Kando ya timbo ni mwamba mtupu, na mtu akitaka nyungunyungu pale inambidi alete baruti. Kwa hiyo walianza na ugali. Ugali uliyeyuka. Wakaukanda kwa Blue Band ya Kezia ili ushikamane, ukashikamana, na samaki wadogo wakaudonoa mpaka ukaisha bila mmoja kunaswa. Wakajaribu biskuti za chini ya kitanda. Wakajaribu mandazi, tena yale ambayo Asenath aliyachoma kuuza pale stendi, na alipohesabu akakuta manne yamepungua alijua bila kuuliza. Mshumaa ulikwenda. Dawa ya kuchua kifua ilikwenda, maana Kisilu alisema samaki wa mji hali chakula, anakula harufu. Siku moja Kisilu alichonga samaki wa mti ili amtishe mwenzake wa kweli atoke kupigana, lakini mkono wake ulikuwa umezoea vifaru, samaki akatoka na pembe. Walimtia majini akaelea mgongo chini, na mpaka leo sijui alifika wapi.

Wazo la sabuni lililetwa na mzee mmoja wa Budalang'i, kwa wavuvi, aliyekuwa akipita na baiskeli. Aliwaambia kambare hawezi kukataa sabuni kwa sababu ya mafuta yaliyomo, akaendelea na safari yake. Walipotia sabuni, kitu kikubwa kilivuta mshipi mara moja, kikala, kikaenda. Kesho yake hivyo hivyo. Kila walicholeta kilipokelewa na hakuna kilichorudi. Wakamwita Mheshimiwa.

Kama ungemuuliza Asenath siku zile, angekwambia ana hasira, na ilikuwa kweli. Lakini hasira yake haikuwa ya sabuni. Ilikuwa ya Pasaka.

Siku ya Pasaka alipika kuku. Sasa kwa Waluhya, na hawa walikuwa watu wa Butere hasa, kuku haliwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na firigisi, ambayo kwao huitwa imondo, ni ya mwenye nyumba. Hata kama ni kipande kidogo cha nyama ngumu, hakuna mwingine anayekigusa, na akija mgeni mkubwa kuliko mwenye nyumba basi ni ya mgeni. Siku hiyo walimkaribisha Kisilu. Asenath alitoa matumbo yaliyosokotwa vizuri kwenye miguu ya kuku, yakaisha yote, kisha akaweka firigisi juu ya sahani ya mumewe. Mulama aliitazama, akaisukuma pembeni kwa kidole. "Mpe mtoto," akasema. Kezia akaitafuna kidogo na kuitema. Jioni Asenath aliosha vyombo bombani kwa muda mrefu kuliko vyombo vilivyohitaji, kwa sababu alikuwa akilia na hakutaka mtu aone. Alimpenda yule mtu. Alimpenda akiwa na katoni begani na akiwa bila katoni, na hakujua namna ya kumwambia kwamba nyumba bado ina mwenyewe.

Mwezi wa tisa, sabuni ilipoisha mara ya tano, alikaa akamwandikia baba yake barua ya ukurasa mmoja. *Sisi hatujambo, Kezia ameota meno yote, ila sabuni yetu huliwa na samaki.* Aliitia posta kabla hasira haijapoa, na majuto ni mjukuu. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Lilikuwa na maneno mawili: *Nakuja Jumamosi.*

Asenath alisoma, akakaa kitandani. Dada yake Mourine alipata maneno hayohayo kule Nakuru miaka miwili nyuma. Baba yao, Mzee Kweyu, alifika kwa mkwe wake, akaandaliwa kuku, akageuza vipande vyote kwa kidole na kukuta firigisi haipo. Hakugomba. Alinawa mikono, akasema, "Mourine, funga nguo zako," na tangu siku hiyo Mourine yuko Butere anapanda viazi vitamu. Nyumba inayopoteza imondo, mzee alisema, imepoteza na mwenyewe. Ukoo mzima ulijua kwamba ndoa ya Mourine ilikufa kwa firigisi. Asenath hakutaka kupanda viazi vitamu. Alitaka kubaki palepale, na mtu wake na sabuni yake inayoliwa.

"Jumamosi huendi majini," akamwambia Mulama.

"Siendi."

"Na kuku nataka awe na kila kitu."

"Kuku huwa na kila kitu," Mulama akasema, "mpaka afike kwa watu."

Jumamosi kabla jua halijapanda Mulama alichinja jogoo mwekundu, akavaa shati la kazini lililopigwa pasi, akaenda kumpokea mkwewe kwenye stendi ya mabasi iitwayo Machakos, pale mjini. Asenath akamnyonyoa jogoo, akamkatakata. Firigisi aliipasua, akaimenya ngozi ya njano, akaisugua kwa chumvi mpaka ikang'aa, akaiweka peke yake kwenye kikombe cha bati na kukifunika kwa kisosi, pale juu ya meza. Matumbo alikuwa amemwahidi Kisilu kwa chambo. Aliyasuuza kidogo kwa sababu ya nzi, akayaacha kwenye karai chini ya meza. Kisha akachukua ndoo akaenda bombani.

Kisilu alimkuta hapo akipanga foleni.

"Mama Kezia, habari ya asubuhi. Ile kitu umeniwekea iko?"

"Iko kwa meza hapo. Chukua tu, mlango uko wazi."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa la maneno mawili tu, kwa meza. Asenath aliporudi aliona karai bado lina matumbo, akadhani Kisilu amebadili nia. Akabandika sufuria kwenye jiko nje ya mlango. Vitunguu vikaiva, nyama ikaanza kutoa mafuta, na alipofunua kisosi ili aitie firigisi akakuta kikombe kitupu.

Hakupiga kelele. Alitazama chini ya kisosi tena, kana kwamba firigisi inaweza kujificha. Akapunguza makaa, akamfunga mgongoni Kezia aliyevaa gauni lake la kanisani, akashika njia ya timbo.

Kisilu alikuwa amekaa juu ya jiwe, ufito mkononi.

"Kisilu, ulichukua nini pale mezani?"

"Ile kitu uliniwekea."

"Nilikuwekea matumbo. Kwa karai."

Kisilu akafikiri. "Matumbo si ni ya mgeni? Nilikuta yameoshwa."

"Firigisi ndiyo ya mgeni."

"Hiyo ngumu?" Alionekana kweli hajaelewa. "Mama Kezia, Pasaka si tulikaa pamoja? Baba Kezia aliikataa, mtoto akaitema. Lakini matumbo yalienda yote, hata mimi sikuongezwa. Nikasema hawa watu wamenifunikia hii na kisosi kwa heshima, kwa sababu kwao hailiwi."

Kila alichosema Kisilu kilikuwa kweli. Pasaka ilikuwa imerudi kumtafuta.

"Sasa iko wapi?"

Kisilu akaonyesha maji kwa kidevu. "Iko kazini."

"Ivute."

"Mama Kezia, hii kitu nimeipaka sabuni, nimeifunga na uzi wa sweta, imekaa huko nusu saa. Nikiivuta sasa—"

"Baba yangu yuko njiani, Kisilu. Asipoikuta ataniambia nifunge nguo, na nitafunga, kwa sababu ni baba yangu. Ivute."

Kisilu akavuta. Mshipi ukakaza, ukakataa. Akavuta tena na ufito ukapinda hadi majini. Akamtazama Asenath, na Asenath, ambaye hakuwahi kushika mshipi maishani, akaushika kwa mikono miwili karibu na ya Kisilu na kurudi nyuma hatua kwa hatua juu ya mwamba, mtoto mgongoni akicheka. Mheshimiwa alitoka bila vurugu nyingi. Alikuwa mweusi, ana ndevu, mdomo mpana wa kulaza sahani, urefu wake kama mkono wa mtu mzima toka begani. Alikuwa mdogo kuliko habari zake. Uzi mwekundu ulining'inia mdomoni na kuingia ndani, na firigisi haikuonekana.

"Ameimeza," akasema Kisilu.

"Nimeona."

Walipofika nyumbani walisikia sauti ya mzee chumbani. Kisilu alimpasua Mheshimiwa pale bombani kwa kisu chake cha kuchongea. Tumboni mlikuwa na ganda la sabuni, kipande cha mshumaa, kifungo cha sweta ya Kezia ambacho Asenath alikitafuta mwezi mzima, na firigisi, nzima, imefungwa kwa uzi kama kifurushi cha posta. Asenath aliifungua. Aliiosha kwa maji moto, akaiosha kwa chumvi, akaiosha kwa limau, akainusa, akaiosha tena. Alijiambia kwamba kuku mwenyewe, wakati wa uhai wake, alikula vya chini kuliko hivyo. Kisha akaitia sufuriani, akakoroga, akamwomba Mungu samahani kwa ufupi maana mchuzi ulikuwa unachemka.

Ndani, Mzee Kweyu alikuwa ameketi chini ya kalenda, kofia juu ya goti, mkoba kati ya miguu. Alimsalimu binti yake, akampakata mjukuu, akauliza habari za mvua. Mulama alikuwa mkabala naye, shati limelowa jasho mgongoni. Alikuwa ameuona mkia wa samaki kupitia mlangoni, na macho yake yalienda huko na kurudi.

"Ni yule?" akamnong'oneza Kisilu alipoingia.

"Ni yule. Ndoano ni yako, kwa hivyo ni wako."

Mulama akaitika kwa kichwa. Asenath aliona jinsi alivyokaa vizuri zaidi kwenye kiti.

Chakula kikaletwa. Mzee aliomba, na maombi ya mzee hayakuwahi kuwa mafupi. Yalipita Butere, yakapita serikalini, yakarudi mezani. Kisha akaivuta sahani, akageuza vipande kwa kidole kimoja, polepole, bawa, paja, kidari, mpaka akafika kwenye firigisi. Asenath alikuwa amesimama kando ya pazia. Mzee akaichukua. Akaikata nusu kwa meno, akatafuna.

Akatafuna kwa muda. Kisha akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa uzi mwekundu wa sufu, mfupi kama ukucha, akautazama kwenye mwanga wa dirisha na kuuweka ukingoni mwa sahani.

"Yule samaki pale nje," akasema. "Mlimvua kwa chambo gani?"

Mulama alisema hakuwepo, labda Kisilu. Kisilu alikuwa mlangoni na sahani yake mapajani. Alimtazama Asenath amsaidie. Asenath alikuwa akisoma sakafu.

"Na hiyo, mzee," akasema Kisilu.

"Hiyo gani?"

"Hiyo uko nayo mdomoni."

Mzee Kweyu aliacha kutafuna. Jirani wa tatu alisikika akichambua mchele. Halafu mzee akaendelea kutafuna kama kawaida, akameza, akanywa maji. Nusu ya pili aliiacha kwenye sahani.

"Baba, ni mimi," Asenath akasema. "Ilipotea, nikaifuata mpaka tumboni mwa samaki. Nilijua ikikosekana utaniambia nifunge nguo."

"Nani amesema?"

"Mourine si ndivyo?"

Mzee aliipangusa mikono yake, kidole kimoja kimoja. "Mourine aliniandikia barua tatu," akasema. "Alikuwa anapigwa. Ningefanya nini? Niliingia nyumba ya watu, nimekaa kiti chao, nilitaka neno la kutoka nalo bila kugombana mbele ya watoto. Imondo haikuwepo, nikashika hiyo. Ingekuwepo, ningeshika chumvi."



"Wewe barua yako niliisoma mara mbili. Nilitafuta mahali umeandika kwamba umechoka, sikupaona. Umeandika sabuni. Nikamsomea mama yako, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, nenda ukamwone huyo mtu." Akainama, akafungua mkoba, akatoa vipande viwili virefu vya sabuni vilivyofungwa kwa gazeti, akavipanga mezani. "Hizi ametuma yeye. Moja ni ya nguo, moja ni ya samaki."

Asenath aliketi pale alipokuwa, sakafuni. Alikuwa anacheka na alikuwa analia, na Kezia akaja kumpangusa uso kwa mkono uliojaa mchuzi.

Mzee Kweyu akaichukua ile nusu ya firigisi kwa mkono wa kulia, akaipitisha juu ya meza.

"Mwenye nyumba ale chake," akasema.

Mulama aliitazama. "Baba, mimi sina kazi."

"Sijakuuliza kazi. Nimekupa imondo."

Mulama akaipokea kwa mikono miwili. Aliiweka mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, maana ni nyama ngumu, na mkewe alimtazama kutoka sakafuni mpaka akameza. Walipomuuliza ikoje alisema ina ladha ya sabuni kidogo, na kwamba si mbaya, na kwamba sasa anamwelewa Mheshimiwa.